Dhahabu Mapajani mwa Lorna

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha jikoni kwangu, Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akipoa mezani na binti yangu Kendra akivaa koti mlangoni. Mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza nawapa kwa ufupi, maana aibu haipendi kurudiwarudiwa.

Mimi ni Arvid Niemi, mchimba dhahabu mstaafu wa milimani, Dakota Kusini. Mgodi ulipofungwa nilibaki na akiba yangu ya uzeeni, na shemeji yangu Duane, mume wa dada yangu, akanishawishi niigeuze iwe sarafu za dhahabu. Sheria inaruhusu, mradi dhahabu yenyewe ikae kwenye ghala maalumu, si nyumbani. Yangu ilikaa Delaware, mbali kabisa, mahali ambapo sijawahi kukanyaga.

Hadi hapo mke wangu Lorna hakuwa na neno. Ugomvi ulianza tulipotakiwa kuchagua aina ya akaunti.

Aina ni mbili. Moja inaitwa Roth: unalipa kodi unapoingia, na ukitoka hakuna wa kukuuliza. Nyingine ni ile ya kikale: unaingia bure, kodi inakungoja kwenye mlango wa kutokea. Lorna na Kendra walitaka Roth. Mimi nilitaka ya kikale, kwa sababu kodi ya kuingilia ingemeza bei ya pikapu yangu mpya. Duane akaniunga mkono. Kendra akamwambia Duane usoni kwamba yeye ni dalali, anasifia chochote chenye kamisheni. Nikamwambia binti yangu atoke, asirudi mpaka amwombe anko wake radhi.

Wenzangu hukosana na watoto wao kwa ulevi, kwa dini, au kwa mkwe asiyefaa. Mimi nilimfukuza wangu kwa sababu ya aina ya akaunti.

Ikapita miaka sita. Kendra hakuomba radhi, mimi sikumwita. Halafu Lorna akaugua.

Ugonjwa wake ulikuwa wa damu. Kila Alhamisi nilimpeleka hospitali Rapid City, akatundikiwa dripu mchana kutwa. Mimi nilikuwa nimeshatimiza umri wa bima ya wazee, lakini Lorna ni mdogo kwangu, bado hajafika. Yake ilikuwa bima ya kununua, na sehemu kubwa ya malipo ilitoka serikalini kwa kuwa kipato chetu kilikuwa kidogo. Lishikeni neno hilo, kipato kidogo. Ndilo lililokuwa likimweka mke wangu hai.

Basi, mwezi wa tisa, tumekaa barazani mbele ya nyumba, Lorna kajifunika blanketi ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Arvid," akasema, "hivi ile dhahabu yetu ni ya kweli?"

"Ya kweli vipi?"

"Ya kushika. Au ni maandishi tu kwenye karatasi wanazotuletea?"

"Ni ya kweli. Iko Delaware."

"Umeiona?"

"Sijaiona."

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Baba yangu alichimba dhahabu mpaka vumbi likamjaa mapafuni. Wewe umechimba mpaka masikio yakaziba. Na hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kuishika. Watu watatucheka."

Alisema kweli. Mtu wa mgodini haioni dhahabu. Imo ndani ya mwamba kama chumvi ndani ya mkate, na mwamba ukishavunjwa unapanda juu kwenda kwa wengine. Nilishuka chini miaka ishirini na saba, na dhahabu pekee niliyoijua ilikuwa pete ya ndoa, tena hiyo tuliinunua dukani kwa mkopo.

"Ningependa kuishika," akasema Lorna. "Mara moja tu."

Wasomaji wangu, mke aliyekuvumilia maisha yake yote, ambaye hajawahi kukuomba hata kabati jipya, akikuomba kitu kimoja, utasema hapana? Mimi sikusema hapana.

Nikampigia Duane.

"Shemeji," akasema, "mali ni yako. Kisichokuwa mkononi mwako si chako, si ndivyo mlivyokuwa mkisema mgodini?"

"Ndivyo tulivyosema."

"Sasa unaniuliza nini? Waambie wailete. Unaogopa watu wa Delaware?"

Alijua pa kunigusa. Sisi watu wa mgodi karatasi hatuziamini. Baba yangu alizika fedha zake kwenye kopo la kahawa nyuma ya banda, na alikufa akijiona mjanja kuliko benki zote.

Nikapiga simu ghalani. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Bwana Niemi, unataka tuitume nyumbani? Nyumbani kwako unapoishi?"

"Ndiyo, mama. Kwani wengine wanaishi wapi?"

"Unafahamu kwamba ikishatoka itahesabiwa kuwa umeichukua?"

"Ni yangu. Nitachukuaje kitu changu?"

"Ningekushauri uzungumze kwanza na mtu wa kodi."

"Mama, nina mgonjwa. Ileteni."

Kisha akasema sawa, itabidi nisaini mwenyewe kwa mkono wangu nikiwa na kitambulisho, kupokea na hata siku ya kurudisha, kama nitataka kurudisha. Nikamwambia mimi si mtu wa kurudisha vitu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wangu siku ile alikuwa mwanamke wa kwenye simu ambaye sitamwona maishani.

Ikaja. Kisanduku kidogo, kizito kuliko kilivyoonekana. Nikasaini, nikakipeleka barazani, nikammiminia Lorna sarafu zote mapajani juu ya blanketi.

Aliziangalia muda mrefu. Akachukua moja, akaipima kwa kiganja, akaibusu kidogo kama anaonja.

"Ndiyo hii?" akasema.

"Ndiyo hiyo."

"Baba alikufa kwa ajili ya hii?"

Akaishika ile sarafu shavuni, machozi yakamtoka, na mimi nikapiga magoti pembeni ya kiti chake tukalia wote wawili kama watoto. Halafu akaanza kucheka. Akasema zinafanana na zile chokoleti za Krismasi zenye karatasi ya kung'aa, na kwamba laiti angejua angemwambia baba yake achimbe kakao. Kwa miezi mingi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nikajiambia, hata kama ni kosa, kosa hili ninalipenda.

Tulificha kisanduku ndani ya friza kubwa la chumba cha chini ya nyumba, chini ya soseji za nyama ya paa niliyempiga mwaka uliotangulia. Hakuna mwizi wa milimani kwetu anayechimbua friza la mtu mpaka chini.

Wiki zikapita. Kama ningefunga mdomo wangu, ningejua balaa langu mwaka mpya na mambo yangeshakwisha. Lakini mimi ni mtu wa kujigamba, na Mungu ana njia zake za kutumia udhaifu wa mtu.

Ilikuwa chakula cha mchana kanisani, ukumbi wa chini, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Kwetu siku hizo huliwa mchuzi wa maharage na nyama ya kusaga wenye pilipili, na keki ya mdalasini pembeni, ukichovya. Wageni hushangaa, sisi hatujui kula vingine. Meza yangu alikaa Bev Tollefson, mjane anayetufanyia mahesabu ya kodi karibu mji mzima. Nikawasimulia wanaume wa mezani jinsi dhahabu yangu ilivyong'aa juani.

Bev akaacha kutafuna.

"Arvid, rudia hapo. Imefika wapi?"

"Nyumbani."

"Kwenye ghala jingine, au nyumbani kwako?"

"Mapajani mwa Lorna, Bev. Ilikaa mapajani mwa Lorna."

Wanaume wakacheka. Bev hakucheka.

"Ile akaunti yako," akasema taratibu, "mwishowe ulichagua Roth?"

"Ya kikale."

Bev akaisukuma sahani yangu karibu nami. "Kula kwanza keki yako," akasema.

Hapo ndipo nilipojua. Mwanamke wa kwetu akikuambia ule kwanza, ujue kuna msiba.

Alinipeleka kwenye chumba cha makoti, akafunga mlango.

"Nisikilize, na usinikatize. Kwa macho ya serikali, siku uliyoipokea dhahabu ile mlangoni pako, ulilipwa mshahara. Wa mkupuo mmoja, mkubwa kuliko wowote uliopata mgodini."

"Sijauza hata moja."

"Hawaulizi kama umeuza. Wanauliza kama imetoka."

"Basi nitalipa kodi. Nitauza pikapu."

"Arvid, kodi haininyimi usingizi. Nazungumzia bima ya Lorna. Serikali inamlipia kwa kuwa kipato chenu kiko chini ya mstari. Sasa umeuruka. Watataka walichokwisha kulipa tangu Januari, na kuanzia hapo bima mtailipa wenyewe, bei kamili. Pensheni yako yote haitatosha."

Makoti yalining'inia kila upande, yakinuka theluji na mbwa.

"Na ingekuwa Roth?" nikauliza.

"Usijitese."

"Niambie, Bev."

"Ingekuwa Roth, miaka yenu sita imepita, nawe umri umetimia, mngezichezea sarafu zenu mpaka Krismasi na isingehesabiwa hata senti moja. Kodi yake ingekuwa imeshalipwa zamani."

Unalipa unapoingia, ukitoka hakuna wa kukuuliza. Lorna aliniambia hivyo mezani kwetu. Kendra aliniambia hivyo, nami nikamwonyesha mlango.

Nilidhani Bev amemaliza, kumbe bado. "Njia iko moja," akasema. "Una siku sitini tangu ulipoipokea. Irudishe ghalani kabla hazijaisha, nayo itakuwa kama haikutoka. Lakini sarafu zile zile, si fedha, si nyingine za kufanana."

"Zile zile zipo. Ziko frizani."

"Basi una bahati kuliko akili. Nenda."

Niliendesha kwenda nyumbani nikiimba. Kweli, niliimba. Nikashuka chini, nikatoa soseji moja moja mpaka vidole vikafa ganzi, nikainua kisanduku.

Kilikuwa chepesi.

Zaidi ya nusu ya sarafu hazikuwemo.

Lorna alikuwa mbele ya televisheni, akitazama yale mashindano ya kubahatisha maneno. Nikasimama mbele yake na kisanduku mkononi, maji ya barafu yakidondoka kwenye zulia.

"Unaniziba," akasema.

"Lorna, sarafu ziko wapi?"

"Nimegawa."

"Umegawa?"

"Ulisema ni zangu pia. Au ulisema kwa sababu naumwa?"

"Umempa nani?"

"Mtu."

"Mtu gani, mke wangu? Mtu gani?"

"Nitakuambia Jumatano," akasema, akanyoosha shingo kutazama televisheni pembeni ya kiuno changu.

Nikamweleza yote. Bev, mstari, bima, siku sitini. Sauti yangu ilikuwa inapanda yenyewe. Nilimwambia kwamba Alhamisi ile inayokuja ndiyo mwisho, zikipita saa za kazi siku hiyo basi, maji yakimwagika hayazoleki. Alinisikiliza kwa utulivu ulionitia hofu kuliko ugonjwa wake.

"Jumatano," akasema tena.

Siku zilizofuata niligeuka mpelelezi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilimhisi mchungaji. Nilimhisi jirani anayetuletea mayai. Nilimpigia Duane, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, safari hii akapokea dada yangu.

"Duane yupo?"

"Yupo, lakini hawezi kuzungumza."

"Anaumwa?"

"Hapana," akasema dada yangu, "anaona aibu. Na yake pia ni ya kikale, Arvid. Na yeye alileta zake nyumbani." Akakata.

Sikuweza hata kumkasirikia. Kipofu alimwongoza kipofu, na mimi nilikuwa nimemlipa kipofu mwenzangu kamisheni.

Jumatano ikafika. Lorna akaniomba nimsugue miguu, maana siku za kabla ya dripu miguu yake ilikuwa baridi kama chuma. Nikakaa sakafuni, mguu wake mapajani mwangu.

"Kesho," akasema, "ukishaegesha pikapu usibaki ndani. Panda juu pamoja nami."

Hapa, wasomaji, inabidi mjue jambo. Kila Alhamisi nilimfikisha Lorna mlangoni pa hospitali, nikamkabidhi kwa mhudumu mwenye kiti cha magurudumu, kisha nikarudi kukaa ndani ya pikapu mchana kutwa. Nilimwambia naogopa harufu ya dawa. Mimi niliyeshuka ndani ya shimo refu kuliko mlima, nilishindwa kupanda ghorofa mbili kumtazama mke wangu akitundikiwa mfuko.

"Sarafu ziko huko?" nikauliza.

"Anazo mtu anayenishika mkono."

"Nesi?"

"Nesi ana wagonjwa chumba kizima. Huyu ni wangu peke yangu. Anakuja kila Alhamisi tangu dripu ya kwanza. Anakaa mpaka jioni, anaondoka kwa mlango wa nyuma ili asipite kwenye pikapu yako."

Mikono yangu ikasimama.

"Unamjua," akasema Lorna. "Ulimfukuza kwa sababu ya Roth."

Kendra. Wiki baada ya wiki binti yangu alikuwa juu ya kichwa changu, ghorofa mbili tu, nami niko chini nasikiliza redio, nakula mkate wa nyama.

"Ulimpa huku ukijua?" nikauliza. "Ulijua habari ya siku sitini?"

"Nani alisoma yale makaratasi yote mwaka ule? Wewe ulisaini tu. Nilijua kabla hujamsikia Bev."

"Lorna, ni dawa yako. Umeweka rehani dawa yako."

"Wewe huendi mahali bila sababu," akasema. Hakuwa na hasira. "Miaka sita nimekuomba uende kwake kwa kuwa ni mwanao, hukwenda. Nikaona labda utakwenda kwa ajili ya dhahabu."

Niliendelea kusugua ule mguu mpaka ukapata joto.

Alhamisi theluji ilianza kabla hatujatoka mlimani. Kisanduku nilikiweka kati yetu kwenye kiti. Ofisi ya wasafirishaji ilikuwa upande wa pili wa Rapid City, na mwanamke wa ghala alishanipa maelekezo: nifike na kitambulisho, nisaini mwenyewe mbele yao, kabla hawajafunga saa kumi na moja jioni. Leo.

Niliegesha. Nikazima injini. Lorna akanitazama, nami nikafungua mlango wangu.

Ndani ya lifti nilitunga hotuba. Nitasema, Kendra, baba yako amekosa. Nitasema, ulisema kweli na mimi nikakuadhibu kwa kusema kweli. Ilikuwa hotuba nzuri. Mlango ukafunguka na ikapotea yote.

Alikuwa ameketi pembeni ya kiti cha mama yake kilicho tupu, akimsubiri, na chupa ya mafuta ya kupaka mikono mapajani. Nywele amekata fupi kama za marehemu mama yangu. Akatuona, mimi nikisukuma kile kiti cha magurudumu. Hakusimama.

"Baba," akasema.

"Kendra."

"Umenenepa."

"Ni keki za kanisani."

"Anko Duane hajambo?"

"Yuko nyumbani na dhahabu yake," nikasema. "Anaona aibu kama mimi."

Aliuma mdomo wa chini. Hata alipokuwa mdogo alifanya hivyo akitaka asicheke, au asilie. Nesi akaja, akamweka Lorna kitini, akamtafuta mshipa, akautundika mfuko. Sikuangalia pembeni. Niliangalia sindano ikiingia, na nikaona jinsi mkono wa mke wangu ulivyojaa alama, kila Alhamisi na alama yake, nami sikuwahi kuziulizia.

"Kendra," nikasema, "ulisema kweli siku ile."

"Najua."

"Nimechelewa kusema."

"Hilo pia najua, Baba." Akainama, akatoa kitu ndani ya mkoba wake. Ilikuwa soksi, soksi yangu ya sufu ya mgodini, ya kijivu, imefungwa fundo. "Mama alizileta humu, mbili tatu kila mara. Zote zipo. Zihesabu."

"Sihesabu."

Nikaichukua ile soksi, nzito kama mtoto aliyelala. Nikatazama saa ya ukutani. Kulikuwa na muda, ingawa theluji dirishani ilikuwa inazidi. Moyo wangu ulijaa kwa namna ambayo sikuizoea. Dhahabu ninayo, binti ninaye, na bima ya Lorna itapona kabla jua halijazama.

"Naenda mara moja," nikasema nikivaa kofia. "Nasaini, narudi. Lorna, umenitesa, lakini umeshinda. Wiki ijayo nakaa hapa hapa, nakushika mkono wa pili."

Kendra alikuwa anatazama sakafu.

"Mama," akasema, "hujamwambia?"

"Nilikuwa namngoja apande," akasema Lorna.

"Kuniambia nini?"

Lorna akanyoosha mkono ule usio na sindano, akanishika kwenye kifundo. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Leo ndiyo ya mwisho, Arvid."

"Ya mwisho ya awamu hii?"

"Ya mwisho."

Nilimtazama Kendra anisaidie. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti.

"Mwezi wa tisa," akasema Lorna, "kabla sijakuomba dhahabu, dokta aliniambia dawa haishindi tena. Inachelewesha tu, na mimi inanichosha. Akaniuliza kama nataka kuacha. Nikamwambia nitaacha, lakini aendelee kunipa mpaka siku mume wangu atakapopanda juu."

Kumbe zile wiki zote za sindano, baridi na kutapika hazikuwa za kumponya. Alikuwa ananingoja.

"Baba," akasema Kendra kwa haraka, kwa sauti ya chini, kama vile mama yake hasikii. "Anaweza kubadili mawazo. Watu wanabadili. Jumatatu anaweza kuamka akasema anataka kuendelea, lakini bima itakuwepo tu kama utakwenda sasa hivi. Nenda. Tafadhali nenda, mimi nitakaa naye."

"Nasikia," akasema Lorna. "Masikio bado mazima."

"Mama, naomba tu."

"Mwache baba yako." Akanigeukia. "Mzee, ukienda, utakuwa umesema sijaamua. Ukikaa, tumeamua wote. Mimi sikulazimishi. Ile siku ya akaunti nilijaribu kukulazimisha, na unaona ilivyokuwa."

Soksi ilikuwa mkononi mwangu, kisanduku kwapani. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Nje, mtu alikuwa anakwangua theluji kwenye kioo cha gari lake, na nikawaza kwamba barabara ya kuvuka mji itakuwa mbaya, kwamba nikitaka kuwahi inanipasa niondoke dakika hii.

Kendra alivuta kiti kingine cha plastiki, akakiweka upande wa mkono wenye sindano, kisha akasimama nyuma yake akikishika kwa mikono miwili. Sikuweza kujua kama alinivutia nikae, au alikishika ili nisikae.

"Basi sema, Arvid," akasema Lorna. "Unakaa au unakwenda?"